Milioni 12 na karata mbili za mwisho: uchambuzi wa kisa kimoja cha mezani

Wahusika

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, kwenye meza ya poka ya kasino yenye leseni. Nilikuwapo. Nilikaa kiti cha tano, na karata zangu nilishazitupa kabla mambo hayajapamba moto, kwa hiyo nilitazama kwa utulivu wa mtu asiye na shilingi yake katikati. Majina nimeyaondoa, nyumba (yaani kasino yenyewe) siitaji kwa jina, na viwango vya fedha nimevisogeza kidogo ili watu wasijulikane. Uwiano ni uleule, na karata ni zilezile zilizotoka.

Mezani tulikuwa saba, wanaotuhusu ni watatu. Wa kwanza nitamwita Kijana. Anafunga mitambo ya umeme wa jua, anacheza poka kwa daftari, kila kikao anaandika alichoingia nacho na alichotoka nacho. Wa pili ni Tajiri, mwenye maduka ya vipuri vya magari, anayecheza kwa raha zake. Kwake kupoteza milioni tano usiku mmoja ni kama mimi kusahau mwavuli kwenye daladala. Wa tatu ni Mzee, mstaafu, shati la mikono mifupi, mfuko wa kifuani una noti zilizokunjwa na kalamu moja. Mzee anacheza vizuri tu, lakini ana biashara ya pili palepale mezani: anauza bima.

Kwa msomaji asiyeifahamu poka ya Texas: kila mchezaji anapewa karata mbili zake za siri, kisha katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote. Tatu kwa mpigo (flopu), halafu ya nne, halafu ya tano inayoitwa riva. Baina ya hatua hizo watu wanaweka fedha. Mtu akiweka kila alichonacho mezani, sisi tunasema kamwaga yote. Fedha zote zilizo katikati ndiyo poti. Na chipu ninazozitaja humu ni vile vidude vya plastiki vya kuwekea dau, wenye njaa wasije wakategemea mayai.

Alivyoingia

Dau za lazima, zile ambazo wachezaji wawili huweka kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, zilikuwa 10,000 na 20,000. Kwa meza ya namna hiyo mtu wa kawaida hukaa na milioni mbili, yaani mara 100 ya dau kubwa la lazima. Kijana alikaa na milioni 6.

Akiba yake yote ya poka, aliyoitenga na fedha za nyumbani, ilikuwa milioni 15. Kwa hiyo usiku ule alikaa na asilimia 40 ya mtaji wake kwenye kiti kimoja. Nilimuuliza kabla hatujaingia, akanijibu kwamba Tajiri huwa na chipu nyingi na anapenda kufuata kwa karata dhaifu. Ukikaa na milioni mbili, siku unayompata utakula milioni mbili tu. Hoja hiyo ina ukweli wake. Jioni hiyohiyo rafiki yetu mmoja alijitolea kununua nusu ya kiti chake: atoe milioni 3, faida na hasara wagawane sawa kwa sawa. Kijana alicheka, akasema hawezi kumgawia mtu mwingine samaki ambaye yeye ndiye aliyemwona.

Nayataja haya mapema kwa sababu mezani, saa tano baadaye, hakuna aliyeyakumbuka.

Mkono wenyewe

Tajiri alipandisha hadi 100,000. Kijana akafuata, ana jozi ya tisa, ya shupaza na ya maua. Mzee, aliyekuwa kwenye dau kubwa la lazima, naye akafuata. Poti 310,000.

Flopu: tisa ya kopa, nne ya kopa, basha ya shupaza. (Kwetu karata yenye mfalme ni basha, vijana wa meza hizi wanasema kingi. Nimekulia kwenye basha, sibadiliki.) Kijana sasa ana tisa tatu. Mzee akagonga meza, kapita. Tajiri akaweka 250,000. Kijana akapandisha hadi 800,000. Mzee akazitazama karata zake mara moja, akazitupa. Tajiri akafuata.

Karata ya nne: mbili ya uru. Tajiri akagonga meza. Kijana akaweka milioni 1.5. Tajiri akasukuma mnara wote wa chipu katikati, zaidi ya kutosha kummaliza Kijana. Kijana alifikiri sekunde tatu, labda nne, akasema nimefuata.

Uamuzi huo hauna la kujadili. Kinachomshinda pale ni jozi ya basha mkononi peke yake, maana pamoja na ile ya mezani inafanya basha tatu. Mengine yote ambayo Tajiri angeweza kuwa nayo, ama ni jozi iliyo nyuma, ama ni mkwara wenye matumaini. Na kweli ulikuwa mkwara wenye matumaini: Tajiri alifunua ree na ghulamu, zote za kopa. Ana kopa nne, anahitaji ya tano apate flashi.

Nyumba ilikata chake, ikabaki poti ya milioni 12 kamili. Karata moja bado haijatoka.

Dakika nne

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, kwa hiyo nitayaandika maneno kama nilivyoyasikia, na kwa mpangilio wake. Mpangilio una maana.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee. Aliinamia meza, sauti ya chini: "Mwanangu, nikukatie bima? Nne kwa moja. Ukipoteza poti, nakulipa mara nne."

Kijana alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kopa ziko 13 kwenye pakiti. Mbili anazo Tajiri, mbili ziko mezani. Zimebaki tisa. Karata zisizojulikana ni 44, maana nane zimefunuliwa: nne zao na nne za mezani. Tisa zinamuua, 35 zinamwacha hai. Thelathini na tano kwa tisa ni chini kidogo ya nne kwa moja, na Mzee anatoa nne kamili. Niliona uso wa Kijana ukichangamka. Baadaye aliniambia aliamini Mzee amekosea hesabu.

"Nakata kwa laki sita, mzee wangu." Akatoa noti mfukoni, Mzee akazihesabu, akaziweka kifuani, akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi. Makubaliano: mambo yakiharibika, Kijana anarudishiwa laki sita zake na kulipwa milioni 2.4 juu yake.

Ndipo Tajiri, aliyekuwa anawasikiliza kwa kuchoka, akasema: "Dogo, tugawe mara mbili basi. Tusiumizane."

"Sawa, bosi."

Kugawa mara mbili, kwa asiyejua: badala ya riva moja kuamua poti nzima, dila (mgawa karata) anafunua riva mbili, moja baada ya nyingine, kila moja inaamua nusu ya poti. Dila akauliza kama kanuni inavyodai, akimtazama kila mmoja usoni: "Mmekubaliana mara mbili?" Wote wakaitika. Kanuni ya meza ile ni kwamba makubaliano hayo lazima yawe ya pande mbili na yatamkwe kabla karata haijaguswa. Yalitamkwa.

Mzee hakuulizwa. Wala hakusema kitu.

Riva mbili

Dila alichoma karata moja, yaani aliiweka kando bila kuifunua, akafunua riva ya kwanza: mbili ya kopa.

Tajiri akapiga meza kwa kiganja, chipu za jirani zikaanguka. "Flashi!" Mmoja wetu akamwambia Kijana pole. Kijana alikuwa ameshafumba macho. Dila hakuwa na haraka. Alizisukuma kwa ncha ya kidole zile karata mbili zenye namba mbili, ya uru na ya kopa, zikakaa pamoja, kisha akazivuta tisa tatu juu yake. "Fulhausi," alisema. "Nusu ya kwanza huku."

Tisa tatu na mbili mbili. Fulhausi inaishinda flashi. Tajiri akacheka mwenyewe. Mimi nilimtazama Mzee, kwa sababu wakati wote huo, kelele zote zile, hakutikisika hata kidogo.

Riva ya pili: sita ya kopa. Safari hii hakuna jozi mezani, flashi ni flashi. Nusu ya pili ikaenda kwa Tajiri.

Milioni 6 huku, milioni 6 kule. Kijana akageuka kulia: "Mzee wangu, nusu imepotea. Nusu ya bima."

Mzee akatoa kile kikaratasi, akakiweka mezani, kimeandikwa kwa herufi kubwa: AKIPOTEZA POTI. "Poti hujapoteza, mwanangu. Umegawana."

Msimamizi wa zamu aliitwa. Alisikiliza pande zote kwa adabu, kisha akasema makubaliano ya pembeni kati ya wachezaji hayaihusu nyumba; yeye anasimamia karata na poti, na vyote vimekwenda sawa. Kijana akasimama, akachukua chipu zake, akaenda kubadilisha. Aliingia na milioni 6, akatoka na milioni 5.4, kwenye mkono aliokuwa mbele kwa mbali.

Malalamiko ya kwanza: "ningegawa mara moja ningekula yote"

Alilirudia hilo kule maegeshoni mpaka nikachoka. Ni kweli kwa usiku ule: riva ya kwanza ilikuwa yake. Kama kipimo cha uamuzi, ni takataka. Alipokubali, karata 44 zote zilikuwa zimelala kifudifudi.

Kwanza tuweke sawa hesabu yake, maana ilikuwa na kasoro tutakayoirudia. Kopa zilizobaki zilikuwa tisa kweli, ila mbili kati yake zilikuwa mfu: mbili ya kopa na basha ya kopa. Kila moja inaleta jozi mezani na kumpa Kijana fulhausi. Karata zinazomuua ni saba. Nafasi yake ya kushinda kwa riva moja ni 37 kati ya 44, asilimia 84.1.

Akigawa mara moja, anakula milioni 12 kwa asilimia 84.1 na anaondoka mikono mitupu kwa asilimia 15.9. Akigawa mara mbili, anakula zote kwa asilimia 70.4, wanagawana kwa asilimia 27.4, na anapoteza zote kwa asilimia 2.2. Linganisha namba mbili tu: kufilisika mezani kumeshuka kutoka karibu mara moja katika sita hadi mara moja katika 45.

Na wastani? Haukuguswa. Karata ya pili kwenye pakiti iliyochangwa ina uwezekano uleule wa kuwa kopa hai kama ya kwanza, saba kati ya 44, kwa sababu hakuna aliyeziona. Kila nusu ya poti inachezewa kwa nafasi ileile. Zijumlishe, thamani ya mkono wa Kijana ni milioni 10.09 kwa njia yoyote utakayochagua. Ni kama mchele wa kupeleka Pemba: ukiupakia kwenye jahazi moja au ukaugawa kwenye mawili, bahari ni ileile na kinachofika kwa wastani wa safari nyingi ni kilekile, ila ukiugawa ni nadra kuzama wote. Ukienda mbali zaidi, ukagawa riva zote 44, bahati inakwisha kabisa: sehemu 37 za Kijana, saba za Tajiri, kila siku, bila mshtuko.

Kwa lugha ya takwimu, mkengeuko wa kawaida wa matokeo, yaani kipimo cha jinsi yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ulishuka kutoka milioni 4.4 hadi milioni 3.1. Karibu theluthi ya msukosuko imeondoka, na gharama yake ni sifuri. Hakuna kingine mezani kinachopatikana kwa bei hiyo.

Sitaki mtu aelewe kwamba mara mbili ni kinga. Septemba 2022, kwenye meza ya Hustler Casino Live, kipindi cha poka kinachorushwa mtandaoni kutoka Gardena, California, wachezaji Garrett Adelstein na Robbi Jade Lew walimwaga yote kwenye karata ya nne, poti ikafika dola 269,000. Adelstein alikuwa na nane na saba za maua, Lew ghulamu na nne, hana hata jozi yake mwenyewe. Kelele zilizofuata kuhusu mkono ule sizirudii. Kinachonihusu ni kwamba karata 20 kati ya 44 zilikuwa za kumpa Adelstein ushindi, walikubaliana kugawa mara mbili, na Lew akala zote mbili. Ukipiga hesabu, kupoteza zote mbili katika hali ile hutokea kwa asilimia 29. Mtu aliyeingia na fikra kwamba mara mbili maana yake ni kugawana angeona dunia imempindukia, kumbe ni karibu mara tatu katika kila kumi.

Kuna hoja moja dhidi ya mara mbili ambayo naiheshimu, na haihusu hesabu za riva. Mpinzani akijua wewe daima unakubali kugawa mara mbili, woga wake wa kumwaga yote unapungua, na mkwara wako mwenyewe unapungua makali kwa sababu anakufuata kwa moyo mwepesi. Wachezaji wanaotegemea kuwatisha wenzao hukataa kwa sababu hiyo. Kijana si wa aina hiyo. Faida yake yote, kwa mujibu wa daftari lake, hutoka kwa watu wanaomfuata. Kwake, Tajiri akifuata kwa moyo mwepesi ni habari njema.

Kwenye mashindano usilijaribu. Kule chipu si fedha na lazima mtu atoke, kwa hiyo riva ni moja.

Malalamiko ya pili: Mzee

Hapa Kijana alikuwa na haki ya kuumia, ila si kwa sababu aliyoitaja. Yeye alilalamikia kile kikaratasi. Mimi nasema alishapotea kabla kalamu haijatoka mfukoni.

Nne kwa moja ilimpendeza kwa sababu alihesabu kopa tisa. Kwa tisa, bei ya haki ni 3.9 kwa moja, na angekuwa anamuibia Mzee shilingi elfu 13 hivi kwa laki zake sita. Kwa saba, bei ya haki ni 37 kwa 7, yaani karibu 5.3 kwa moja. Kwa bei ya Mzee, laki sita zake zilibeba hasara ya wastani wa shilingi 122,700, sawa na senti 20 katika kila shilingi aliyotoa. Alidhani amekosea mzee wa watu, kumbe kakosea yeye, na kosa lilitokana na kuhesabu alama ya karata bila kutazama namba iliyoandikwa pembeni yake.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyelijua mpaka wiki iliyofuata, Mzee mwenyewe alipolisema kwenye kahawa, bila aibu. Kumbuka alikuwamo kwenye mkono. Alitupa jozi ya kumi, na moja ilikuwa ya kopa. Yeye peke yake alijua kwamba kopa hai zilikuwa sita tu, na karata zisizojulikana kwake zilikuwa 42. Sita kati ya 42 ni moja kati ya saba, bei ya haki sita kwa moja. Aliuza kwa nne. Wastani wa faida yake kwa laki zile sita ulikuwa zaidi ya shilingi 171,000. Ndiyo maana hakutikisika Tajiri alipopiga meza.

Je, ni dhuluma? Wenzangu hawakubaliani. Mimi naona muuza bima aliyekuwamo kwenye mkono ana kitu ambacho mnunuzi hana, na mnunuzi asiyelifikiria hilo anastahili lawama ya mbu aliyeingia kwenye chandarua mwenyewe. Lakini pia sitakaa karibu na Mzee nikiwa nimemwaga yote.

Bima kama chombo haina ubaya wenyewe. Ubaya uko kwenye bei. Chukua kwamba Kijana angetaka kuondoa bahati yote kwa bei ya Mzee: angehitaji kukata milioni 2.4, ndipo akishinda abaki na 9.6 na akishindwa alipwe 9.6. Mkono wake una thamani ya milioni 10.09. Kwa hiyo utulivu ungemgharimu shilingi 490,000 na kitu, karibu asilimia 4.9 ya thamani. PokerStars, kampuni ya poka ya mtandaoni, ilipoanzisha mwaka 2019 huduma ya kumwezesha mchezaji kuchukua thamani ya mkono wake baada ya kumwaga yote, ilikata asilimia 1. Kwa mkono huu ingekuwa kama shilingi laki moja. Mzee alikuwa ghali mara tano, na bado alionekana mkarimu.

Kuhusu kikaratasi: bima ilikatwa wakati riva ikiwa moja, ambapo kupoteza poti na kupoteza mkono ni kitu kimoja. Dakika mbili baadaye riva zikawa mbili, na maneno yakabaki yaleyale. Kijana aliweka dawa ya pili juu ya ya kwanza bila kuuliza kama zinapatana. Kwa maneno yale, nafasi ya bima kulipa ilishuka kutoka asilimia 15.9 hadi 2.2, kwa bei ileile ya laki sita. Kama kuna sekunde moja ningeirudisha, ni ile dila alipouliza "mmekubaliana?" Pale ndipo angegeuka kulia na kumwambia Mzee, nusu ikipotea unanilipa nusu, au nirudishie fedha zangu.

Malalamiko ambayo hakuyatoa

Daftari lake lina kila kitu isipokuwa swali la kwa nini alihitaji bima. Mtu mwenye milioni 15 aliyekaa na milioni 2 hahitaji. Akipoteza anaandika, anakwenda kulala. Kijana alihitaji kwa sababu milioni 6 zilikuwa kubwa kuliko moyo wake, na hilo liliamuliwa saa tano kabla, mlangoni, akiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba.

Rafiki yetu aliyetaka kununua nusu ya kiti alikuwa anamletea punguzo la msukosuko kubwa kuliko lile la kugawa riva mara mbili: kila panda shuka ingekatwa katikati. Tofauti ni kwamba kuuza nusu kunachukua na nusu ya faida, wakati kugawa mara mbili hakuchukui chochote. Lakini nusu hiyo ingeuzwa kwa bei ya haki, kwa rafiki, kabla ya karata kugawiwa, pasipo mtu mwenye kumi ya kopa mkononi. Badala yake alikataa kuuza kwa bei ya haki saa mbili usiku, akaja kununua utulivu uleule kwa bei ya kuumiza saa saba.

Nilimwambia hivyo, yeye akanijibu kwamba angekaa na milioni 2 asingeweza kumwinda Tajiri. Kweli. Ila hebu tazama alichofanya alipompata: alitumia laki sita na nguvu zake zote kutafuta namna ya kutompata sana.

Kilichofanya kazi

Mchezo wenyewe alicheza vizuri. Alipandisha kwenye flopu akiwa mbele, hakumwachia Tajiri karata ya bure, akafuata bila kusitasita palipostahili. Kukubali mara mbili lilikuwa jambo sahihi na lingebaki sahihi hata angepoteza zote. Kanuni ya nyumba ya kutamka makubaliano kabla karata haijaguswa ilizuia ugomvi ambao ungeweza kuwa mkubwa zaidi. Tajiri aliposhindwa riva ya kwanza hakuwa na mahali pa kurudi nyuma, na Kijana aliposhindwa ya pili vilevile.

Dila nampa maksi zake. Mwingine angesukuma poti kwa aliyepiga kelele.

Baada ya hapo

Kijana sasa anakaa na milioni 2, na mara mbili amemuuzia yule rafiki nusu ya kiti. Kwenye ukurasa wa usiku ule ameandika namba 10,090,909 kwa wino mwekundu, na chini yake 5,400,000, bila maelezo.

Mwezi uliopita tulikuwa meza moja tena. Alimwaga yote akiwa mbele, Mzee ametupa karata zake mapema kwenye mkono uleule. Mzee akainama: "Mwanangu, nikukatie?"

"Mzee wangu," Kijana akamuuliza, "wewe ulitupa nini?"

Mzee alimtazama kidogo, akacheka, akairudisha kalamu mfukoni.